Binti amehifadhi nyimbo zote, kwenye shoo yake ya kwanza akaganda. Kwa nini?

Baba wa Shela (Malindi)
Salaam kwenu. Nina swali kwa wazazi, na kwa yeyote anayeujua muziki wa jukwaani.

Binti yangu ana miaka kumi na minne. Msanii mmoja wa Bongo alikuja kupiga shoo ya wazi hapa Malindi wakati wa likizo, akaniomba nimpeleke. Mamake alikataa mwanzo, halafu akakubali kwa sharti kwamba niende naye mimi mwenyewe, nisimkabidhi binamu wala shoga yake. Tukaenda.

Huyu ni mtoto asiyeosha sahani bila kuimba. Nyimbo za yule bwana amezihifadhi mpaka pale anapovuta pumzi. Msanii alipopanda jukwaani uwanja wote ukalipuka, wasichana wa rika lake wakaruka juu, wangu akasimama wima, mikono kifuani, mdomo umefumba. Wimbo wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, hadi mwisho. Hakuitikia hata kiitikio. Simu hakuitoa. Nikamuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama anataka turudi, akanikamata mkono kwa nguvu: hataki.

Kwenye tuktuk kimya. Nyumbani kimya, akalala. Mamake akanitazama na mimi sikuwa na jibu. Siku chache baadaye namsikia anamwambia shangazi yake kwa simu kwamba hajapata kuona usiku mzuri namna ile tangu azaliwe.

Kilimpata nini? Mdogo wake wa kiume ameanza kuomba na yeye, na mimi sipendi kumpeleka mtoto kwenye jambo nisilolielewa.

Kadzo wa Gede
Aibu tu. Ulikuwa ubavuni mwake? Jibu ndilo hilo. Msichana wa miaka kumi na minne hakati kiuno mbele ya babake.

Baba wa Shela
Kadzo, hilo nililifikiria. Nilijitenga makusudi, nikakaa nyuma kwa muuza mishikaki, nikawa naenda mara mojamoja tu kumpa maji.

Kadzo wa Gede
Kwa muuza mishikaki! Mtoto anajua babake yupo hata ukikaa Watamu. Mimi babangu alikuwa akikohoa nje ya uwanja wa harusi, huku ndani tunakaa kitako wote. Aibu hiyo.

Fundi Mitambo (Kilifi)
Kazi yangu ni kufunga vyombo, mahotelini na kwenye shoo za wazi, Kilifi mpaka huko juu Mambrui. Aibu siikatai. Ila wazazi wengi hawajui jambo moja: wimbo aliouhifadhi binti sio aliopigiwa uwanjani.

Simu ina spika ndogo mno. Zile sauti nzito za chini kabisa haiwezi kuzitoa, sikio linazikisia tu. Uwanjani tunapanga masanduku ya besi chini ya jukwaa, na besi ile huisikii kwa sikio peke yake. Inaingia kifuani, inatikisa mbavu, inatikisa hata nguo ulizovaa. Wa mara ya kwanza wengi hushika kifua. Umesema mikono yake ilikuwa kifuani, na mimi nimewaona vijana wengi namna hiyo nikiwa nyuma ya mitambo.

Tena studio sauti imerudiwa mara nyingi, imesafishwa, imenyooshwa. Jukwaani mwimbaji amekimbia huku na huku, anahema. Bendi nyingi hushusha ufunguo wa wimbo ili asikwame kwenye noti za juu. Wimbo wa dakika tatu unavutwa hadi saba kwa sababu ya "Malindi mko wapi?" Sasa yule aliyehifadhi mpaka mahali pa kuvuta pumzi ndiye anayepotea kuliko wote, maana pumzi zimehama.

Na kama mlikaa nyuma, hesabu hii nayo ipo. Sauti inasafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 100 kutoka kwenye spika, mdomo unaouona kwenye skrini umetangulia sauti kwa karibu theluthi ya sekunde. Mtoto anataka kuimba na msanii, anajikuta kila mara amekosea mlango. Ananyamaza.

Mkaa Maweni
Fundi, kwanza tujue kulikuwa na bendi au alikuja na flashi na dijei? Maana siku hizi tunalipa kumwona mtu akikimbia juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa.

Baba wa Shela
Bendi ilikuwepo. Ngoma za kisasa, gitaa mbili, kinanda, na waitikiaji watatu.

Mkaa Maweni
Basi una bahati. Pleibeki imewalemaza watoto wetu. Ndiyo maana akikutana na muziki wa kweli anashtuka.

MwanaAmu
Salaam kutoka Amu, yaani Lamu. Mkaa amekaribia, lakini tatizo halikuanza kwa pleibeki. Mtoto wa sasa sauti ya mwimbaji amekutana nayo ndani ya mashine tangu siku ya kwanza. Sisi tulikutana nayo kwa watu. Zijana wa Amu tulikuwa tukibebwa mgongoni kwenda kwenye vugo la harusi, tunalala katikati ya pembe zinapigwa. Maulidi ya msikiti wa Riyadha mtoto hajatembea bado, na matari ameshayasikia usiku mzima, safu nzima ya wanaume wanainama na kuinuka pamoja. Ukimpeleka huyo kwenye shoo yoyote hagandi, kwa sababu mwili wake umeshajua umati na sauti ni nini.

Wa Baba wa Shela amekutana na zitu hizo zote usiku mmoja, ana miaka kumi na minne. Angefanyaje?

Bin Barani
MwanaAmu, Maulidi usiyatie kwenye mizani moja na shoo ya Bongo. Ile ni ibada.

MwanaAmu
Sikuyaita muziki, Bin Barani, wala nisingeyaita. Nimesema umati na sauti. Hata wewe ukisimama pale Riyadha wakati wa matari nywele zinakusimama.

Bin Barani
Zinasimama, hilo kweli. Ila sababu ni nyingine.

Kadzo wa Gede
Na sisi Wagiriama mbona mmetusahau? Kwetu mtoto anazaliwa anakuta mwanzele. Matanga yakikaa siku kadhaa, mwanzele inapigwa, bibi zetu wanazunguka, watoto wako katikati ya mduara na vumbi lao. Nimekulia humo. Na bado shoo yangu ya kwanza niliganda! Kwa hiyo nadharia ya MwanaAmu hainitoshi. Ngoma ya nyumbani unaingia ukijua hatua, wimbo ukisimama kuna shangazi wa kukuvuta. Shoo hakuna shangazi. Unazungukwa na watu elfu usiowajua.

Muuguzi wa Kando ya Bahari
Naomba niingize la afya, kwa kuwa limepitwa.

Baba wa Shela, ule ukimya wa kwenye tuktuk unaweza kuwa masikio. Baada ya kelele kubwa sikio huziba kwa muda. Mtu anakuongelesha unamsikia kwa mbali, ndani kuna mlio mwembamba. Watoto hawasemi kwa sababu wanaogopa kwamba safari nyingine watakatazwa. Muulize taratibu.

Kipimo kinachotumika kazini ni hiki: desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka 3, muda unagawanyika nusu. Ukifika 100, muda wako ni kama robo saa. Na shoo nyingi, karibu na spika, zinafika 100 na kupita. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana, kwa binadamu zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti ya juu. Mnunulieni mtoto vile vizibo vya sponji vya famasi. Unakibinya, unakisokota kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unakiingiza, unakishikilia mpaka kifure. Wengi wanakipachika mlangoni tu mwa sikio, hapo hakizuii kitu.

Mkaa Maweni
Kwa hiyo sheria ya dunia ni 85 na waandaaji wetu wanaivunja kila wikendi.

Muuguzi wa Kando ya Bahari
Hapana, Mkaa, tusichanganye. 85 ni ya mtu anayekaa saa nane kazini. Kwa kumbi na shoo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15, vizibo vipatikane mlangoni, na pawe na mahali patulivu pa kupumzisha masikio. Ni mwongozo, sio sheria. Mahali patulivu hapa kwetu sijapaona kwenye shoo yoyote niliyokwenda. Kwa shoo ya Malindi labda pawe ufukweni.

Bin Barani
Na kusogea nyuma kunasaidia kiasi gani? Mimi huwa nawaambia wanangu wakae mbali na spika, lakini sijui mbali ni wapi.

Muuguzi wa Kando ya Bahari
Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili unapunguza kama desibeli 6. Kutoka mita 5 hadi mita 20 ni mara mbili mbili, yaani 12. Robo saa yako inakuwa saa nne.

Fundi Mitambo
Dada Muuguzi, hapo nikurekebishe kidogo. Hiyo 6 ni ya sanduku moja lililosimama peke yake. Zile spika tunazoning'iniza kwa safu zimeundwa makusudi ili sauti ifike nyuma, kwa hiyo hazipungui haraka hivyo, hasa karibu na jukwaa. Na Desemba huku kwetu kaskazi inavuma, ukisimama upande inakoelekea upepo unapata sauti zaidi ya mwenzako wa upande wa pili aliye umbali uleule. Mbali ni pale ambapo unaweza kuongea na mtu aliye mbele yako bila kumpigia kelele. Ukilazimika kumkaribia sikio, sogea.

Muuguzi wa Kando ya Bahari
Ahsante, fundi. Hicho kipimo chako cha kuongea ndicho nitakachowapa wazazi.

Mama Twalib
Nimesoma kila kitu na bado nashangaa kwamba hakuna aliyeuliza la msingi. Msichana wa miaka kumi na minne, usiku, uwanja wenye pombe. Kwa nini alipelekwa?

Sisi kaunti hii tunajua muziki wa usiku umetufanyia nini. Disko matanga, zile za usiku msibani, zimepigwa marufuku mara ngapi? Machifu wamezunguka vijiji, wazee wamesema, na bado wasichana wanarudi nyumbani na mimba, shule inaisha hapo. Mimi nina mabinti. Ukimzoesha kwamba muziki wa usiku ni jambo la kheri, kesho atakwenda bila wewe. Huko kuganda kwake mimi nakuona ni woga, na woga ule ulikuwa unamlinda. Msimfundishe kuuondoa.

Baba wa Shela
Mama Twalib, nakuheshimu na nimekuelewa. Ndiyo sababu nilikwenda naye. Disko matanga mtoto anatoroka dirishani, mzazi amelala au yuko msibani na hajui. Nilitaka huyu aje kuniomba mimi mlangoni. Kama ningekataa, nina hakika angekwenda siku moja na watu nisiowajua. Woga sidhani. Mtoto mwenye woga hakushiki mkono ukae.

Mama Twalib
Pombe hujanijibu.

Mkaa Maweni
Akiwa na mzazi sheria haina neno, mama.

Chipukizi 4B
Ina neno. Tulifundishwa shuleni. Sheria ya vileo ya 2010, ile ya mbunge Mututho, inamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia eneo ambamo pombe inanyweka. Haijalishi babako yuko.

Baba wa Shela
Kijana yuko sawa. Kwenye shoo ile sehemu ya vinywaji ilizungushiwa uzio wake na mlinzi wake, sisi tulikuwa upande wa familia. Nilipiga simu kuuliza kabla sijanunua tiketi. Wasingekuwa na uzio nisingeingia.

Mama Twalib
Uzio wa mabati na mabaunsa wanaoangalia simu. Lakini umeuliza kabla, hilo nalikubali. Wengi hawaulizi.

Kobe wa Mida
Wakuu, mnakwenda mbali, jibu liko tumboni. Kijana wangu ana miaka kumi na mitano, nilimpeleka Kilifi. Tiketi imeandikwa saa kumi na mbili jioni. Emsii akaongea, madijei wakabadilishana, wasanii wachanga wakapanda wakashuka, mkubwa mwenyewe akaja saa sita na nusu za usiku. Mtoto amesimama tangu jua halijatua, ameshiba msisimko, chakula hataki. Alipokuja huyo msanii, kijana akawa anatazama tu, mweupe. Nikadhani ameguswa na muziki. Akatapika kwenye viatu vya watu. Nikampa maji na chapati, baada ya nusu saa anaruka kuliko wote.

Baba wa Shela, binti alikula nini?

Baba wa Shela
Mishikaki na viazi karai. Na maji mengi. Hilo nililisimamia.

Kadzo wa Gede
Bila shaka, ulikuwa umepiga kambi kwa muuza mishikaki.

Kobe wa Mida
Basi kwake tumbo si sababu. Kwa wengine lipo, naomba libaki kwenye uzi. Na waandaaji waandike saa ya kweli kwenye tiketi. Mzazi akijua kwamba msanii anapanda saa sita, atamlaza mtoto mchana.

Mzee wa Udi
Wanangu, nimewasoma kwa utulivu. Mnatafuta ugonjwa, mimi sioni ugonjwa. Huyo mtoto alikuwa anasikiliza.

Enzi zetu taarabu ya wanaume watu walikaa kwenye viti. Hukuwa unaruka. Hukuwa unaimba juu ya mwimbaji, ungetazamwa. Ulikaa, ukayapima maneno, na beti likikugusa uliinuka taratibu ukaenda kumtunza mwimbaji, noti ya pesa mkononi, ukarudi ukakaa. Juma Bhalo wa Mombasa nilimsikiliza mpaka adhana ya alfajiri, na kulikuwa na wakati ambapo ua mzima, watu mamia, hawakohoi. Anaimba fumbo, kila mtu anatafuta anasemwa nani. Leo mtu asiporuka mnasema ameganda. Kelele za umati zimekuwa ndiyo dalili ya kufurahi, na aliyetulia anaulizwa kama anaumwa.

Bin Barani
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo nakushika: Juma Bhalo ni wetu. Kazaliwa hapahapa Malindi, 1942. Mombasa ndiko alikoishi na kuvuma.

Mzee wa Udi
Marahaba. Umesema kweli, kazaliwa Malindi, na Mombasa ndiko alikozikwa na sifa zake, 2014. Na binamu yake Ahmad Nassir, yule malenga, mashairi yake mengi ndiyo aliyoyaimba.

MwanaAmu
Na Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, msimsahau, udi wake ulitoka Amu.

Bin Barani
Amu mmeshaanza. Kila kitu kimetoka kwenu.

MwanaAmu
Huyo kweli kazaliwa huku, si maneno yangu! Mzee wa Udi atanishuhudia.

Mzee wa Udi
Nashuhudia. Mtu wa Amu. Kafariki 2016.

Mkaa Maweni
Mzee, na hiyo tuzo ilikuwa inamharibia mwimbaji? Watu wanapandapanda jukwaani.

Mzee wa Udi
Haikumharibia, ilimwongoza. Akiona beti fulani limeinua watu watano, analirudia. Kwa hiyo msikilizaji aliutengeneza wimbo bila kufungua mdomo. Wanawake kwenye taarabu zao walikuwa wakali zaidi: noti inapeperushwa mbele ya hasimu kwanza ndipo inafika kwa mwimbaji. Mama Twalib atakumbuka.

Mama Twalib
Nakumbuka, na sitaji majina.

Chipukizi 4B
Naomba na mimi niseme kwa sababu ndiye ninayekaribiana na rika lake humu. Nina miaka kumi na saba. Yaliyosemwa mengi ni ya kweli lakini hamjaliweka la kwangu.

Shoo yangu ya kwanza nilikwenda na kaka yangu. Msanii nilikuwa naye kwenye simu kila usiku, kitandani, sauti yake sikioni. Nilikuwa najua jinsi anavyocheka. Alipopanda jukwaani nikaona mtu. Mfupi kuliko nilivyodhani, kiatu kimoja kamba imelegea, jasho linamwingia machoni anajipangusa na mkono wa shati. Nikaona pia kwamba watu wote wale wanamjua kama mimi ninavyomjua. Niliumia. Nilikuwa na furaha na nilikuwa nimeumia kwa wakati mmoja, sikujua nifanye lipi, nikasimama. Kama mtu angeniongelesha ningelia.

Simu sikuitoa na mimi. Ningeitoa ningemrudisha kule alikokuwa.

Kadzo wa Gede
Mwanangu, nimeisoma hii mara mbili. Ya kwangu ya aibu bado naishikilia, lakini hii imenigusa.

Fundi Mitambo
Kamba ya kiatu! Sisi nyuma ya mitambo tunaona mambo hayo kila siku na hatufikirii kuna mtu huko mbele anaumia.

Muuguzi wa Kando ya Bahari
Chipukizi, ahsante. Kuna na la mwilini linaloendana na lako. Watafiti wa chuo kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba muziki unaompendeza mtu hadi nywele zikamsimama unaachilia dopamini, kemikali ya raha, kwenye ubongo, na kwamba sehemu moja inawaka wakati mtu anangoja kile kipande anachokijua kinakuja, na sehemu nyingine kinapofika. Aliyehifadhi wimbo anangoja kila mstari. Usiku mzima wa kungoja na kupata, kungoja na kupata. Huenda alikuwa amejaa mpaka hakuna nafasi ya kuruka.

Fundi Mitambo
Lakini dada, mistari haikuja pale alipoingoja. Ndiyo hoja yangu ya mwanzo.

Muuguzi wa Kando ya Bahari
Na kucheleweshwa kidogo kunaweza kukoleza. Hapo sisi wawili hatutakubaliana.

Kobe wa Mida
Ushauri: safari nyingine mpeleke tamasha la Sauti za Busara, Unguja. Tangu 2004, pale Ngome Kongwe, kila anayepanda anapiga vyombo, pleibeki hakuna. Ataona mambo.

Mama Twalib
Si ni la Februari? Shule zimefunguliwa. Mtoto akae darasani.

Kobe wa Mida
Mama hapo umenifunga mdomo.

Baba wa Shela
Nimerudi. Nimekaa na binti jioni barazani, mamake yupo, nikamuuliza bila kumbana. Nawaletea aliyoyasema.

Masikio: ndiyo, yalilia mpaka asubuhi, na alificha kwa sababu ileile aliyoitaja Muuguzi. Vizibo nimeshanunua, vyake na vya mdogo wake, na tumefanya mazoezi ya kuviweka.

Aibu: amecheka. Anasema alinisahau kabisa. Kadzo, nisamehe.

Nilipomuuliza alikuwa anamtazama nini msanii muda wote ule, akasema hakuwa anamtazama msanii. Alikuwa anamtazama mpiga ngoma. Mguu wa kulia unafanya kazi yake, wa kushoto kazi nyingine, kila mkono na mambo yake, na usoni ametulia. Anasema alipogundua kwamba ile besi ya kifuani inatoka kwenye mguu wa mtu mmoja, hakuweza kuondoa macho. Aliogopa akiimba atapoteza hesabu. Sasa ndoo, meza, mapaja, vyote vinapigwa. Mamake ameshaanza kulalamika.

Mzee wa Udi
Nilisema alikuwa anasikiliza.

Fundi Mitambo
Na mimi nilisema ni besi.

Chipukizi 4B
Kwa baba na mama wote wawili wamekaa barazani, mimi pia ningesema mpiga ngoma. Sio kwamba anadanganya. Kuna sehemu ambayo haisemeki kwa wazazi, labda hata mwenyewe bado hajaijua.

Mama Twalib
Kijana huyu ana akili. Baba wa Shela, mwache mamake aulize peke yake.

Kadzo wa Gede
Ngojeni kwanza. Huyo mpiga ngoma ana umri gani?

Baba wa Shela
Kadzo! Mzee wa mvi. Ana wajukuu, bila shaka.

Fundi Mitambo
Kama ndiye ninayemdhania, huyo amepiga mahoteli ya pwani hii tangu vijana wote mnaowashangilia hawajazaliwa. Anapenda kufundisha. Baba wa Shela, siku tunayofunga vyombo huwa kuna saa mbili tatu za mchana za kupima sauti, uwanja mtupu, jua kali, hakuna pombe wala umati. Nikijua wanakuja tena nitakuandikia pembeni. Uje na binti, na mamake, na Mama Twalib akitaka kukagua uzio.

Mama Twalib
Mchana nitakuja. Saa ngapi?

Fundi Mitambo
Saa nane, mama. Vizibo lazima, kwa sababu tunapopima ngoma tunaipiga moja moja, kavu, mara nyingi.

MwanaAmu
Na sisi wa Amu tukitaka kuya? Nina wangu ana miaka kumi na mitatu, shoo hajaiona bado, na nadharia yangu nataka kuijaribu.